Ranchi ya Mwinjuma na Kisima cha Bibi

Ukiwauliza watu wa kijiji jirani cha Salale habari za Mwinjuma, watacheka kwanza, ndipo wakujibu. Mwamba ana ng'ombe watatu, mmoja wao ndama, lakini status yake ya WhatsApp inasema "Mkurugenzi, Ranchi ya Majibaridi". Picha zenyewe kampiga ng'ombe mmoja mbele, nyuma na ubavuni, ili aonekane kundi.

Majibaridi ni kitongoji kilichojificha huko kupita kijiji cha Kiongoroni, nacho ni tuta la mchanga katikati ya mikoko. Pande zote maji, na yote chumvi tupu. Kilichowaweka watu pale ni kisima alichokianza bibi yake Mwinjuma, Bi Mwajabu, enzi hizo akiwapikia wakata mikoko. Alifukua mchanga kwa mikono, yakatoka maji matamu. Wakata mikoko wakaleta wake zao, wake wakaleta mama zao, umbea ukapata makazi. Bi Mwajabu aliacha sharti moja tu: kisima hiki kinakombwa kwa kata ya kifuu, hakichimbwi. Maji matamu yamelala juu juu. Ya chumvi yako chini yake, yanasubiri mjinga.

Mjinga akaja na ng'ombe. Aliwaleta kwa boti ya mashine, njia nzima kashika mkia wa mmoja kama usukani. Sasa ng'ombe hanyweshwi kwa kata, bwana. Kiangazi kile Mwinjuma alikomba mpaka mabega yakagoma. Mwisho akachukua sepetu, akazama kisimani, akachimba. Jioni maji yamejaa, na yeye kajaa status: "Wenye maono tunaonekana."

Asubuhi akaja Rukaiya, mke wa kaka yake, kikombe mkononi.

"Shemeji, onja chai yangu. Imebaki kutiwa nazi na samaki tu."

Mwinjuma akaonja. Akameza kwa shida. "Ah, yatatulia haya."

Hayakutulia. Waliofurahi ni ng'ombe peke yao. Walikunywa na kulamba ndoo. Watu wakawa wanafuata maji Salale kwa mtumbwi, wakachoka. Jirani yao Bashiru akapakia godoro, kuku na mkewe, tayari kuhama. Nyumba nyingine nazo zikaanza kung'oa mabati.

"Usihofu, shemeji," Rukaiya akamwambia. "Tukiondoka sote, wewe ndiye utakayekuwa mwenyekiti wa kitongoji. Ila wapiga kura wako wana mikia."

Safari hii Mwinjuma hakucheka. Kijiji alichokiacha bibi kinamfia mikononi, tena kwa sepetu yake mwenyewe. Akaenda kumshika Bashiru kamba ya mtumbwi.

"Jirani, ningojee hadi masika. Maji yakikataa kutulia, nakubebea godoro mwenyewe."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wanaondoka leo."

Wakaondoka kweli, kwenda kwa mjomba wake huko Kibiti. Mwinjuma akarudi kisimani kufukia alipochimba, kikapu kwa kikapu cha mchanga safi. Rukaiya akaketi ukingoni anasimamia.

"Mkurugenzi, mbona leo hupigi picha?"

"Shemeji, nipishe."

"Geuka kidogo, upande huu unapendeza."

Masika yakapiga. Mvua ikanywea mchangani, wakakiacha kisima kitulie. Siku ya kuonja kijiji kizima kikajaa pale, godoro la Bashiru bado limefungwa kamba. Kata akapewa Rukaiya, maana ndiye mwenye ulimi.

Akaonja. Akakunja uso. Akatema pembeni.

Mwinjuma akamtazama, akashindwa kujua kama ni chumvi au ni utani wa ushemeji.

"Hebu tena," Rukaiya akasema, akakomba kata nyingine. Akainywa yote, akakomba ya tatu.

"Wewe Rukaiya, unaonja au unaoga?" Bashiru akafoka. "Sema basi!"

"Nyie subirini," akajibu, anafuta mdomo. "Nina kiu."

Bashiru akaenda kulifungua godoro.