Mama alivua viatu kwenye exhibition yangu

Wakuu, sasa. Mimi huwa nasoma za wengine tu na kupita, lakini hii imenikaa kooni. Imenitokea mwenyewe na sijatia chumvi.

Nasomea sanaa, nyumbani ni Mountain View, hapa Nairobi. Mwaka jana chuo kilinipeleka Belgium semester moja kwa exchange.

Nilipewa chumba cha hostel. Kisafi, heater inafanya kazi. Miezi yote ile hakuna mtu hata mmoja aliyeingia humo isipokuwa mimi. Siwalaumu, huko watu hawatembeleani ovyo. Mama akipiga simu nilimwambia niko sawa.

Niliporudi, project yangu ya mwisho nikaamua iwe kile chumba.

Tulipewa ukumbi ghorofani huku town, kila mwanafunzi na kona yake. Mimi nikajenga fremu ya mlango bila kuta. Ndani kitanda cha chuma, blanketi la kijivu, kikombe kimoja, na dirisha la kuchora.

Nje ya mlango nikaweka viatu vyangu vya baridi. Jozi moja tu, na hiyo ndiyo ilikuwa point ya kazi yote. Kando nikabandika karatasi: TAFADHALI USIGUSE.

Lecturer anayenisimamia alizunguka mara mbili akaguna.

"Hii ni fanicha tu. Nitaona watu wataichukulia aje, halafu niamue."

Akinifelisha, graduation nasahau. Na mama, ambaye ni fundi wa nguo, alikuwa ameshajishonea rinda la siku hiyo.

Siku ya kufungua, watu walisimama mbali, mikono nyuma, wakasoma ile karatasi, wakaenda kwa kona ya jamaa aliyechora majumba ya rangi rangi. Saa nzima hivyo. Lecturer anaandika tu kwenye notebook yake. Nikajua nimeisha.

Hapo mama akatokea na wamama watano wa kanisa lao la Kinoo.

Akafika kwa fremu, akaona viatu vyangu. Akainama, akavua vyake, akavipanga kando, akaingia. Wale wamama wakamfuata mmoja mmoja, wakivua. Kwetu ukikuta viatu mlangoni huulizi.

Nilitaka kukimbia niwatoe. Nikachelewa.

Mama aliketi kitandani. Akapapasa blanketi vile hupapasa kitambaa cha mteja. Akachukua kikombe, kisha akaangalia huku na huku akitafuta kingine.

"Baba," akaniita, hivyo ndivyo ameniita tangu utotoni, "wageni ulikuwa unawapatia chai na nini?"

"Hakukuwa na wageni, mama."

Akarudisha kikombe mahali pake.

"Na kwa simu unaniambia uko sawa."

Mama mmoja wa kanisa akasafisha koo. "Hatuwezi toka kwa nyumba ya mtoto bila kuiombea."

Wakashikana mikono wakaanza. Chumba changu cha Belgium, wakuu, kinaombewa katikati ya Nairobi.

Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Msichana mmoja akaja, akavua sneakers, akaingia. Halafu wawili. Halafu yule jamaa wa majumba mwenyewe. Mwisho lecturer, soksi yake imetoboka kidole gumba, akasimama pembeni ya kitanda ameinamisha kichwa. Sijawahi kuona kitu kama hicho, na sikukipanga mimi.

Walipomaliza, lecturer aliniambia neno moja tu: "Bandua hiyo karatasi."

Nimepita. Rinda litavaliwa.

Lakini kinachonirudia kila siku ni pale mlangoni. Viatu vilikuwa vimejaa hadi kona ya jirani. Nilitafuta vyangu katikati ya vile vyote, na sikuviona.

Nilichojifunza: mama akiuliza uko aje, mwambie ukweli, atajua la kufanya.

Sasa nyinyi mlioishi majuu, nani aliwahi kuvua viatu kwa mlango wako? Niambieni, nasoma zote.