Chupa ya Maji ya Dololo

Mezani kule Pazhou, kwenye maonyesho ya biashara ya Guangzhou, tulikuwa wanne. Mimi Tume, mhamasishaji wa mradi. Bwana Mutua, Mratibu, mkubwa wangu. Dida, mtoto wa kaka yangu, anayesoma hapa Guangzhou, ndiye mkalimani. Na Bi Lin, mwenye kiwanda cha pampu.

Siku ya kwanza kazini Mratibu alinipa fulana iliyoandikwa "Ustahimilivu". Akasema, "Maana yake ukame ukija, wafugaji wasianguke." Nikamwambia, "Sisi hilo tuliliita kuhama." Akacheka. Basi nikazunguka maboma ya kwetu, nikihimiza watu wafunge malisho ya kiangazi, yaani nyasi zisiguswe mpaka jua likaze. Katikati ya nyasi hizo kipo kisima cha Dololo. Maji yake ni ya chumvi: ngamia huyapenda, chuma hakiyawezi.

Ndiyo maana, tulipokuja Guangzhou kukinunulia pampu, nilibeba chupa ya maji hayo. Mlinzi wa metro aliitazama, akaashiria ninywe kwanza. Nikanywa.

"Shangazi, hata uso hukunji!" Dida akasema.

"Nimekuzwa nayo."

Bi Lin alionja tone moja, akatema kwenye kitambaa. "Bu xing, bu xing!"

"Laobani, yaani bosi huyu, anasema haifai," Dida akatafsiri. "Pampu hii ni ya maji matamu. Ya chumvi ipo, ila tungoje miezi miwili."

Mratibu akaisogeza chupa yangu pembeni. "Mama Tume, wewe ni wa watu, si wa mabomba. Wafadhili wanangoja uzinduzi." Akatia sahihi ya pampu ile ya maji matamu. Nami nikairudisha chupa mkobani.

Nyumbani nikafanya kazi yangu: nikahamasisha watu waitegemee pampu. Watu wakaacha kuzibua visima vyao vya mkono, kwa kuwa aliyesema ni Tume. Kiangazi cha pili pampu ikaoza kwa chumvi, mifugo yote imeshafika Dololo, visima vya zamani vimejaa mchanga. Wakafa ngamia wanne wa Guyo, ng'ombe wote wa Qabale, na Sora, yule ngamia wa maziwa wa mjane Bokayo.

Mratibu alipandishwa cheo. Mimi nilistaafu na cheti, sasa nakaa hapa kwa binti yangu, mnunuzi wa viatu katika soko la Zhanxi. Cheti kiko chini ya godoro. Kwenye picha ya uzinduzi aliyeshika bomba ni mimi, meno yote nje.

Mliokuwa Dololo, kama nimekosea jina la mtu au la mnyama, nisahihisheni. Ila asiniambie mtu kwamba sikujua.