Nilifuta Mlango wa Uani

Nimekosa, ndugu zangu, na kosa langu limejengwa kwa tofali za saruji hapa Singida mjini. Kila nikipita naliona!

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Saruji ilianza kuuzwa bila kibali na kila mwenye duka akataka nyumba mpya. Mimi, mtoto wa kidato cha tano, nilishajiita msanifu majengo! Likizo nikapelekwa kujifunza kazi kwa Mzee Idi, mchora ramani. Nilifika na gazeti la nyumba za Ulaya kwapani, nikamwona mshamba. Eti kabla ya kuchora lazima aende kuzungumza na mama mwenye nyumba! Nilicheka sana.

Siku moja akaenda msibani Itigi, akaniachia ramani ya nyumba ya Mzee Hamisi, muuza vitenge.

"Inakili kwa wino. Usiguse kitu."

Nikagusa! Nyuma ya sebule kulikuwa na mlango wa kwenda uani, kwenye jiko. Nikaona unaharibu ukuta wangu. Nikaufuta, nikaweka dirisha pana la kisasa. Pembeni ya karatasi niliacha jina la Mzee Idi. Nikamkabidhi fundi kabla Mzee Idi hajarudi. Wenye nyumba walikuwa safarini kufuata mali, fundi akajenga alichochorewa.

Ikafika siku ya maulidi ya kuhamia. Sebule imejaa wanaume, wanawake wako uani na masufuria, na njia pekee ya kuingilia ni mlango wa mbele, katikati ya wageni. Miaka yote nimekula shughulini, sikuwahi kujiuliza chakula kinapitia wapi!

Mara dirisha likafunguliwa, likaingia sinia la pilau. La pili likakwama, mchuzi ukamwagikia kanzu ya shehe.

"Mzee Idi!" Bi Zuhura, mke wa Hamisi, akapaza sauti kutoka nje. "Si nilikuonyesha mlango ukae hapa? Au ndiyo uzee?"

Mzee Idi, niliyekuwa nakula naye sinia moja, akanitazama. Kisha akasema, "Nimekosea, mama. Nisamehe."

Na mimi? Nikaendelea kula!

Wateja wakamkimbia. Akafunga ofisi, akarudi kijijini kwao Mkiwa kulima alizeti. Kabla ya kuondoka aliniandikia barua ya kunisifu niombe chuo. Sikuthubutu kuipeleka popote. Leo nauza misumari.

Nyie vijana mnaokwenda kujifunza kuchora majumba, kabla hujafuta mlango, muulize anayebeba sinia. Na kama umeshaufuta, fungua mdomo useme kabla hujaujaza pilau.