Kagoya na Ukurasa Usiorudishwa

Kompyuta ya maktaba ya mjini Jinja ilivikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kama watu wanavyoivika televisheni ya sebuleni ili vumbi lisiingie na wageni wajue kwamba nyumba ina heshima. Aliyekifuma ni Kagoya, mhudumu wa kaunta. Kila asubuhi alikitoa, akakikung'uta dirishani, akapangusa kioo, kisha akakirudisha. Mashine yenyewe haikuwashwa. Wafadhili waliileta, wakapiga picha nayo, wakaenda zao, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuigusa isipokuwa Kagoya na kitambaa chake.

Ndipo mwaka 1999 bwana Mukama, mkuu wa maktaba, alipowakusanya wafanyakazi akawapa habari zilizotoka juu. Bwana Mafabi, msimamizi wa maktaba za upande wa mashariki, angekuja kukagua kabla shule hazijafungwa. Akimkuta Jinja mtu mmoja anayeweza kumtafutia msomaji jambo kwenye intaneti, kwa mikono yake mwenyewe, kompyuta itabaki. Asipomkuta, ataibeba siku hiyo hiyo aipeleke Mbale, ambako watu walishaanza kutumia kompyuta. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda Mbale kujifunza. Nani anaitaka?

Watu wakatazama sakafu. Asadu, mtunza magazeti, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Kagoya akanyoosha mkono.

“Mama Kagoya,” Asadu akasema, “ile mashine haina mahali pa kugonga muhuri.”

Wakacheka, na yeye Kagoya akacheka. Lakini mkono hakuushusha.

Hakuna aliyemwuliza kwa nini, na labda asingeweza kueleza vizuri. Alikuwa ameijua maktaba ile tangu utotoni, mama yake alipokuwa akiuza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, kwenye lango la kambi ya jeshi, mahali ambapo Kagoya mwenyewe alijifunzia Kiswahili chake chote, matusi yakiwemo. Aliziona benchi ndefu za mvule zikipakiwa kwenye lori la askari, miaka ile ambayo mtu hakuuliza kitu kinapelekwa wapi. Baadaye, alipokwisha ajiriwa, aliiona mashine ya kuonyeshea filamu ikienda kutengenezwa Kampala, na redio kubwa ikiifuata. Hakuna kilichorudi. Vyote vilitokea mlango mmoja, ule wa mbele, na kila mara yeye alikuwa amesimama kando akitazama migongo ya wabebaji. Safari hii hakutaka kutazama.

Basi akaenda Mbale. Alilala kwa shangazi yake mtaa wa Nabuyonga, na mchana akakaa mbele ya kioo pamoja na mwalimu aliyeitwa Namono, binti mchangamfu aliyetoka chuo cha uchapaji, mwenye vidole vilivyokimbia kwenye vitufe kama mvua juu ya bati. Cha kwanza kilikuwa mausi, kile kidude cha kusogeza mshale. Kagoya alikisukuma mpaka ukingoni mwa meza, akasimama, akauliza kama hapakuwa na meza pana zaidi. Namono akajibana asicheke, akashindwa.

“Inyanyue, nyabo,” akasema, akimwita mama kwa Kiganda, “uirudishe katikati. Haiumi.”

Akainyanyua, akairudisha. Akarudia mpaka kiganja kikatoa jasho. Jioni, kwa shangazi, alisukuma kipande cha sabuni juu ya meza ya kulia, huku na huku, shangazi akimtazama.

Alichokipenda kuliko vyote ni kuona ukurasa ukija. Ulikuja polepole, mstari juu ya mstari, picha ikianza na nywele za mtu, kisha paji la uso, na macho ukayasubiri mpaka ukate tamaa. Namono akasema ukurasa unatoka mbali sana, pengine ng'ambo, ndiyo maana unachelewa. Kagoya akaitikia kwa kichwa. Jambo hilo alilielewa mara moja, au alidhani amelielewa. Yeyote aliyekaa kaunta ya maktaba anajua kwa nini kitu kinachelewa: kiko mikononi mwa mtu mwingine.

Akarudi Jinja akafanya kazi kwa moyo wote. Simu ya maktaba ilikuwa moja, ofisini kwa bwana Mukama, kwa hiyo waya ulichomolewa huko ukavutwa chini ya mlango hadi kwenye kompyuta. Mashine ilipokuwa ikipiga simu ilikwaruza na kupiga miluzi ndani ya chumba cha kusomea, chini kabisa ya lile bango la KIMYA, na Kagoya alijikuta ameweka kidole mdomoni ili kuinyamazisha.

Msomaji wake wa kwanza alikuwa Santa, mke wa askari magereza, mwanamke wa Kaskazini aliyefuga kuku nyuma ya nyumba za watumishi. Kuku wake walikuwa wakipinda shingo, wakizunguka kama walevi, kisha wakifa. Kagoya akatafuta, akakosea, akatafuta tena, akapata. Ukurasa ulikuwa wa Kiingereza. Santa alikisoma kwa shida, na Kagoya hakujua Kiacholi, basi akamfasiria kwa Kiswahili, kile cha langoni kambini, na Santa akaandika kwenye karatasi herufi moja moja. Ugonjwa huu hauna dawa. Watenge wanaoumwa. Wazima wapewe chanjo. Santa alikuwa amefika hapo kwenye chanjo, akingoja kusikia inatolewaje, wakati Kagoya alipotazama saa ya ukutani na kuufunga ukurasa.

“Unafunga nini na mimi bado naandika?”

“Tumekaa nao sana, mama. Wengine wanaungoja.”

Santa akageuka akaangalia viti vitupu. “Wengine wapi? Humu tuko mimi na wewe.”

“Huko ukurasa ulikotoka.”

Santa akakunja karatasi yake, akatoka bila kuaga. Msomaji aliyefuata, mwalimu wa shule, alifungiwa ukurasa katikati ya ramani. Kisha ikawa zamu ya mwanamume wa Masese aliyetaka kujua namna ya kukausha samaki, na huyo alifungiwa kabla hajafika kwenye moto. Kagoya hakuwa mkali, alikuwa mwadilifu. Katika akili yake alimwona mhudumu mwenzake, kwenye kaunta fulani ng'ambo, akimwambia msomaji wake avumilie, kwa sababu ukurasa uko Jinja. Asingekubali kumwaibisha mwenzake huyo. Lakini wasomaji waliacha kuja, na Asadu akaanza kumwuliza kila asubuhi kama kitambaa akifue sasa au angoje kwanza kompyuta iende Mbale.

Ziara ya bwana Mafabi ikakaribia. Siku yake ya mapumziko Kagoya alipanda gari akaenda tena Mbale kwa ajili ya swali moja.

“Ukurasa mmoja,” akamwuliza Namono, “tunaruhusiwa kukaa nao muda gani?”

Namono hakuelewa. Kagoya akamweleza tangu mwanzo: saa ya ukutani, Santa, mhudumu wa ng'ambo. Namono akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akauona uso wa Kagoya, akaacha. Akafungua ule ukurasa wa kuku kwenye kompyuta moja, na alipomaliza akaufungua kwenye nyingine iliyokuwa kando yake. Ukaja hapa, ukaja na pale. Kuku yule yule mwenye shingo iliyopinda alitazama kutoka kwenye vioo viwili.

Kagoya aligusa kioo cha kwanza, akagusa cha pili.

“Na hakuna aliyenyang'anywa?”

“Hata mmoja. Wakiusoma watu wa dunia nzima, bado upo.” Namono akachomoa waya wa simu ukutani. “Na ukishafika, hata simu hauihitaji tena. Tazama.”

Ukurasa haukutikisika.

“Mbona hukuniambia siku ile?”

“Sijawahi kufanya kazi kwenye kaunta, nyabo. Sikujua kwamba mtu anaweza kuuhurumia ukurasa.”

Njia nzima ya kurudi Kagoya alitazama nje ya dirisha bila kuona kitu. Kesho yake hakuanzia kazini. Alianzia kwenye nyumba za askari magereza, akabisha kwa Santa, akamwambia wazi kwamba alikosea, na kwamba aje siku ya mkaguzi, akae mpaka atosheke. Santa alikuwa akichambua mboga na kuzitia kwenye sufuria, naye hakuinua kichwa.

“Utanifungia tena mbele ya wakubwa?”

“Nikifunga, nipige na hiyo sufuria.”

Bwana Mafabi alifika na gari aina ya pikapu, na nyuma yake kulikuwa na kisanduku cha katoni, kitupu, chenye kipimo cha kompyuta. Wabebaji aliokuja nao wakakiweka sakafuni karibu na mlango wa mbele. Kagoya alikiona. Akatoa kitambaa chake, akakikunja vizuri, akawasha mashine.

Miluzi ilipokwisha, akatafuta, ukurasa ukaanza kuja. Santa akashika kalamu. Kagoya alisoma, akafasiri, akangoja. Akasoma, akafasiri, akangoja. Bwana Mafabi akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine. Mwishowe akasema kwa upole kwamba ameona, yatosha, mama anaweza kumalizia siku nyingine.

“Hapana, bwana,” Kagoya akasema. “Aendelee.”

Hapo bwana Mukama akatoa kichwa ofisini: anaihitaji simu, kuna watu wa wilaya wanapaswa kupigiwa. Asadu akamtazama mkaguzi, mkaguzi akakitazama kisanduku. Kagoya akainama, akachomoa waya, akamkabidhi mkuu wake ncha yake, kisha akarudi kitini.

“Umeukata,” bwana Mafabi akasema.

“Nimeikata simu. Ukurasa huu hapa.” Akaweka kidole kwenye mstari walioishia. “Matone machoni, mama Santa. Andika: tone moja, jicho moja.”

Santa akaandika. Bwana Mafabi akasogea, akaweka miwani, akasoma ule mstari mwenyewe. Kisha akavuta kiti, akauliza kama huko ndani kulikuwa na lolote juu ya mbuzi.

Alipoondoka, kompyuta ilikuwa mezani, imevikwa. Kisanduku kilikuwa kimesahauliwa mlangoni, au kimeachwa makusudi, na Santa akauliza kama kuna mwenye kazi nacho, kwa maana anahitaji mahali pa kutengea vifaranga. Akakitwika kichwani. Kagoya akasimama kaunta, akakitazama kikitoka kwa ule mlango wa mbele, chepesi, kikipepesuka kidogo kwa upepo wa ziwani.