Pasipoti ya Marehemu

Mwaija binti Muhidini wa Mlingotini hakuwa mtu wa kudanganywa mara mbili. Mara ya kwanza ilimtosha. Aliambiwa kwa simu kwamba ameshinda pikipiki, akatoa namba yake ya siri kwa bashasha zote, akafagia uani ili pikipiki ipate pa kulala, akaisubiri miezi minne. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na tangu hapo hapakuwa na unyasi usiomshtua Mwaija. Namba asiyoijua hapokei. Namba yenye alama ya kujumlisha mbele ndiyo kabisa, maana alisikia sokoni kwamba ukiipokea tu, laini yako inanyonywa mpaka inabaki tupu. Hata Mardhiya, jirani yake waliyelima naye mwani miaka kumi, vifundo alivyofunga kwenye kamba Mwaija huvihesabu upya, kimoyomoyo.

Sasa mtu wa namna hii ndiye aliyekuwa na binti Maskati, fundi cherehani kwenye duka la mabuibui, na pasipoti ya binti huyo ilikuwa inakwisha. Ugenini pasipoti ikikwisha, kibali cha kukaa nacho kimekwenda, na kazi, na chumba. Lulu alikuwa amebakiwa na wiki sita. Alipeleka maombi ubalozini, akaambiwa kwamba cheti chake cha kuzaliwa kilikatwa ukubwani, kwa hiyo maofisa wa nyumbani watampigia mzazi wahakiki. Baba yake, Kibwana Shuaibu, alikwisha tangulia mbele ya haki. Alibaki mama. Na wiki hiyohiyo simu ya Lulu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji.

Akaazima ya rafiki yake, akapiga mara nane. Mwaija akiiona ile alama ya kujumlisha anaigeuza simu kifudifudi. Mwisho ukaja ujumbe: "Mama ni mimi Lulu. Simu yangu mbovu hii ni ya Dija. Pasipoti yangu inaisha. Watakupigia watu wa pasipoti wajibu vizuri tafadhali."

Mwaija aliusoma mara mbili, akacheka peke yake. Shikamoo iko wapi? Lulu hajawahi kumwandikia bila shikamoo, hata alipokuwa na homa kitandani. Kwamba mtu mwenye haraka, tena kwenye simu ya kuazima, aweza kusahau salamu, hilo halikumwingia kichwani.

"Mwizi kajifunza jina la mwanangu, adabu zake hakujifunza," alimwambia Mardhiya. "Na Dija ndiye nani?"

"Si umpigie mwenyewe Lulu umuulize?"

Mwaija akapiga namba ya siku zote. Haipatikani. "Umeona?" akasema, kama aliyemkamata mtu ndani ya banda la kuku.

Hapa lazima nieleze habari ya jina, maana ndiyo iliyoleta balaa. Lulu ni jina la nyumbani. Jina alilopewa siku ya saba ni la bibi yake mzaa baba, na Mwaija, kama mwanamke yeyote aliyefunzwa akafunzika, hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Miaka thelathini na moja hakulitamka, si kwa bibi, si kwa mjukuu. Karatasi zote, za shule mpaka za safari, alizishughulikia baba mtu. Tena bibi alikuwa Biubwa binti Kibwana. Alipozaa mwana akampa jina la babake, Kibwana. Kibwana naye alipozaa binti akampa jina la mamake. Bibi na mjukuu wakawa wote ni Biubwa Kibwana, mmoja yuko kaburini na mmoja yuko Maskati. Mwaija alilijua hilo, lakini kichwani mwake jina lile lilikuwa na mwenyewe mmoja tu, yule mzee aliyemwogopa na kumpenda.

Na mwezi huo maneno yalikuwa mengi. Watu wasiojulikana walionekana njia ya Mbegani wakipima viwanja, ikasemwa kwamba kuna shamba limeuzwa na marehemu mwenyewe, saini na kidole gumba. Mkwe wake Mwaija aliacha shamba la minazi. Mwaija alikuwa akienda kulitazama asubuhi na jioni, kana kwamba minazi ingeweza kuondoka kwa miguu.

Siku ya tatu baada ya ule ujumbe ikaita namba ya kawaida, ya hapahapa nchini. Alikuwa anamngoja mnunuzi wa mwani, akapokea.

"Shikamoo, mama. Naitwa Abdulrazak, nakupigia kutoka ofisi ya pasipoti Bagamoyo. Nahakiki habari za mtu. Unamfahamu Biubwa Kibwana..."

Jina la tatu hakulifikisha. Moyo wa Mwaija ulikwisha ruka. Huyu kalitoa wapi jina la mkwe wangu? Shamba!

"Marahaba, baba. Huyo unayemtaja amekufa."

"Amekufa, mama?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu. Nimemuosha kwa mikono yangu hii. Ukitaka saini yake, mfuate kaburini."

"Una hakika, mama? Maana hapa ana..."

"Wallahi! Na aliyekutuma mwambie lile shamba lina wenyewe."

Akakata. Siku nzima alitembea kidedea. Kila aliyepita alisimuliwa jinsi matapeli walivyokutana na kiboko yao.

Siku tisa baadaye simu ya Lulu ilitengenezeka, na jina lake likaonekana kwenye kioo. Mwaija alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Hiyo ndiyo sauti yenyewe." Hakumpa nafasi. Alimsimulia yote, kuanzia mwizi aliyejiita Lulu mpaka mwenzake aliyejitia ofisa, na alipofika kwenye 'nimemuosha kwa mikono yangu' alicheka hadi akapaliwa. Lulu hakucheka.

"Mama," alisema, "leo ubalozini wameniambia mimi ni marehemu."

Mwaija alikaa chini palepale, juu ya mwani aliouanika. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nyuma ya aibu ikaja hofu. Binti hakumlaumu. Alisema tu kwamba zimebaki wiki nne na kidogo, na kwamba zikipita, tajiri wake hawezi kumweka hata siku moja. Kisha akaanza kulia, na kilio hicho kilimkata mama maini.

Kesho yake Mwaija alikuwa Bagamoyo mapema, cheti cha kuzaliwa kimefungwa kwenye upindo wa kanga. Usidhani alikuwa ameacha tabia. Alimuuliza mlinzi kama ofisi ni ya kweli. Alipofikishwa kwa Abdulrazak akamwomba kitambulisho, akaitazama picha, akamtazama uso, akaitazama tena picha. Kijana alistahimili, akamsikiliza hadi mwisho.

"Cheti cha kifo cha bibi unacho, mama?"

"Wakati ule nani alikata cheti? Tulizika, tukasoma hitima, basi."

"Basi kwa karatasi, mkweo yu hai na aliyekufa ni mwanao."

Akampigia Lulu simu ya picha, akamwekea mama mezani. Kwenye kioo palikuwa na mwanamke mwembamba, mashavu yameingia ndani. Mwaija hakuwa amemwona mwanawe miaka minne, na simu yake ya kitochi haina picha. Lulu aliyesafiri alikuwa mnene. Mama alikunja uso.

"Lile kovu la goti," alisema kwa ukali, "ulilipataje?"

"Sina kovu la goti, mama. Nina la kisigino. Nilikanyaga kigingi cha mwani, ukaniambia nisimwambie baba."

Mwaija akashusha pumzi. "Ni Lulu huyu."

"Kwenye fomu hakuna Lulu," alisema Abdulrazak. "Mtaje jina lake na useme ni nani wako."

"Niandike, baba. Nitaandika."

"Ulimuua kwa mdomo, mama. Mfufue kwa mdomo huohuo."

Chumba kizima kilimngoja. Mwaija alijifunika kanga hadi kwenye nyusi, akanong'ona, "Niwie radhi, mkwe wangu." Alifungua mdomo mara mbili bila sauti.

"Biubwa," akaita.

Kule Maskati yule mwanamke alishtuka. Jina hilo ameitwa na walimu, na maofisa, na tajiri wake. Kwa mama yake ilikuwa mara ya kwanza. Akaitika kama anavyoitika mtoto wa kike aliyeitwa kutoka jikoni.

"Abee, mama."

"Umekonda," alisema Mwaija, machozi yakimchuruzika. Kisha akamgeukia ofisa na kugonga meza kwa kidole. "Ndiye. Ni mwanangu. Andika, nikuone ukiandika: yu hai."