Kishikizo Kimoja Kilichokuwa Wazi

Mwalimu aliyenifundisha kompyuta alitoka Kongo, upande wa Pweto. Alivuka kuja Nchelenge, upande wa Zambia, na mkewe, watoto watatu na sanduku la bisibisi. Kituo alichofundishia kilikuwa cha kanisa, chumba kimoja karibu na njia ya kwenda ziwani, chenye kompyuta nne kuukuu na mapazia yaliyonuka chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa kila mahali huku kwetu. Tulimwita ba mwalimu, kwa ile "ba" ya heshima, Wazambia kwa Wakongo, na hakuna aliyemwita vinginevyo.

Mimi nilifika pale kutoka makao ya wakimbizi nikiwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Kamati ya kituo ilisema haina nafasi kwa mama anayenyonyesha. Yeye aliwaambia kwamba mtoto hasomi, anayesoma ni mama, na siku iliyofuata mkewe akamchukua mtoto wangu akawa anakaa naye nje, chini ya paa la kituo, huku akiuza samaki wake. Mwaka mzima alikaa naye hivyo. Nikisikia kilio, ba mwalimu alinitupia jicho la kuniruhusu, nami nikatoka kunyonyesha.

Nasema haya kwanza ili isionekane nilikuwa na kisasi cha haki. Alikuwa mkali, ndiyo. Ukikosea alikusimamisha ueleze kosa lako mbele ya wote, pole pole, hatua kwa hatua, mpaka ulielewe. Siku moja nilichomeka waya mahali pasipo pake, akanisimamisha hivyo siku tatu mfululizo. Watu walicheka. Lakini alimfanyia kila mtu vilevile, hata mchungaji alipokuja kujifunza kuchapa mahubiri.

Kilichoniuma ni kingine. Nilipomaliza masomo nilibaki kumsaidia, na mwaka wa pili kamati ikataka kumwajiri msaidizi. Nilijua ni mimi. Mmoja wa akina mama wa kamati akaja kunisimulia jinsi kikao kilivyokwenda. Ba mwalimu alikuwa amewaambia, kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa, "Huyu mwanamuke kazi anaijua, mais moyo wake una haraka. Mumuache mwaka moja tena." Kamati ikaahirisha. Mimi nikaendelea kufagia chumba kile na kufuta vumbi kwenye skrini, na kila nilipomsalimia asubuhi nilikuwa nikiyasikia maneno hayo.

Kisha akaugua kiharusi, mdomo ukapinda. Alikaa nyumbani wiki sita, na aliporudi mdomo wake ulikuwa umenyooka, miguu inatembea vizuri, wote wakamshukuru Mungu. Mkono wa kulia haukupona. Aliuficha. Aliandika ubaoni kwa kushoto akisema anapumzisha bega. Chaki ikianguka aliiacha pale mpaka darasa litoke. Wengine hawakugundua kitu. Mimi niligundua siku ya kwanza, kwa sababu nilimwona mkewe, pale nje, akimfunga kifungo cha shati kabla hajaingia. Sikumwambia mtu. Nilijisifu moyoni kwa kunyamaza, na leo sijui kama nilinyamaza kwa huruma au nilikuwa nasubiri.

Miezi michache baadaye kamati ilipata vifaa vya kompyuta mpya kutoka Lusaka. Vilikuja kwa basi ndani ya maboksi: kasha, bodi kuu, feni, kebo, na kile kipande chembamba cha kuhifadhi kumbukumbu ambacho mafundi wote wanakiita ramu. Wengi wetu hatukuwahi kuona kompyuta ikiundwa tangu mwanzo. Ba mwalimu aliomba kuiunda peke yake. Alifunga mlango siku mbili. Nilibisha kuuliza kama anahitaji msaada, akajibu kutoka ndani kwamba hahitaji, kwa sauti ya mtu anayetokwa na jasho.

Siku ya tatu kamati yote ilikuja kuona. Mwenyekiti wao alikuwa mfanyabiashara wa samaki, Mbemba mpole ambaye humaliza kila sentensi kwa mukwai, neno la heshima la Kibemba. Walikuja akina mama wa kanisa, wanafunzi wakajaa madirishani. Ba mwalimu alivaa koti. Alisema maneno machache juu ya kazi ya mikono, akabonyeza swichi kwa kidole cha mkono wa kushoto.

Feni ikazunguka. Taa ya kijani ikawaka mbele ya kasha. Watu wakapiga makofi. Skrini ikabaki nyeusi, kisha ikaandika kwamba hakuna signali, ikazimika kabisa.

Akazima, akawasha tena. Feni, taa, giza. Akachomoa kebo ya skrini na kuirudisha. Akahamisha skrini kwenye kompyuta mojawapo kuukuu, ikaonyesha vizuri, kwa hiyo skrini ilikuwa nzima. Akairudisha kwenye ile mpya, giza. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso. Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, akanigeukia akasema mama naye ni fundi, amsaidie mwalimu wake, mukwai.

Nilifungua ubavu wa kasha. Nikaona papo hapo. Ramu inachomekwa kwenye mfereji wake kwa kusukumwa na vidole gumba viwili kwa nguvu, mpaka vishikizo vya pande zote mbili vijifunge vyenyewe na kulia ta. Cha kushoto kilikuwa kimejifunga. Cha kulia kilikuwa wazi, na ramu imeinuka upande huo, kidogo sana, upana wa ukucha. Kompyuta isiyopata kumbukumbu yake haionyeshi kitu, hata feni izunguke mpaka kesho. Nilikuwa nimesimama kati ya kasha na watu. Kubonyeza kwa kidole kungechukua muda wa kupepesa jicho, na hakuna ambaye angejua, hata yeye labda.

Nikainuka nikasema itabidi tuichunguze hatua kwa hatua, kama ba mwalimu alivyotufundisha.

Nikaanza kumuuliza. Umeme unafika kwenye bodi? Akajibu unafika, feni zinazunguka. Ule waya mdogo wa umeme wa prosesa umechomekwa? Akajibu ndiyo. Nikaugusa mbele ya watu, nikasema kweli. Betri ndogo ya bodi? Nikaitoa, nikawaonyesha, nikairudisha. Tukawasha, giza. Kila jibu lake nilimwomba alirudie kwa sauti ili wanafunzi wa dirishani wasikie. Alirudia. Alikuwa ananitazama kwa namna ya kunitia moyo, kwa sababu mpangilio wa maswali ulikuwa mzuri, ulikuwa wake. Nadhani kwa dakika chache aliona fahari juu yangu.

Tulipofika kwenye ramu niliichomoa kabisa. Nikaipangusa kwa upindo wa kitenge changu, nikamkabidhi mkononi. Mkono wa kulia.

"Uichomeke mwenyewe, ba mwalimu," nikasema. "Tuone."

Aliielewa sauti yangu. Aliinama juu ya kasha, akaiweka ramu kwenye mfereji wake, akasukuma. Kidole gumba cha kushoto kilishuka, kishikizo kikalia. Cha kulia kilikaa juu ya ramu kikitetemeka. Akasukuma tena. Akaegemeza bega zima, kasha likasogea juu ya meza na bisibisi ikaanguka chini. Mimi nilisimama nimefunga mikono, nikangoja. Mama mmoja wa kanisa akanong'ona tumwachie mzee apumzike, nami nikamjibu, bila kumtazama, kwamba hii ni kazi ya kawaida, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huifanya.

Alisukuma mara ya nne. Kisha akanyanyua mkono ule kwa mkono wa kushoto, akaushusha ubavuni kama mtu anayeweka chini mzigo.

Nikapita mbele yake. Nikabonyeza kwa kidole kimoja, kishikizo kikalia, nikawasha. Skrini ikaandika mistari myeupe, kisha picha ikatokea. Watu wakapiga makofi kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Nilifurahi. Sitaki kudanganya juu ya hilo.

Mwenyekiti hakupiga makofi. Alimsogelea ba mwalimu akamuuliza kwa sauti ya chini mkono una nini. Wiki haikuisha kamati ikakaa, ikaamua apumzike, na mimi nishike kituo. Walimshukuru kwa barua nzuri. Niliichapa mimi, kwenye kompyuta ile mpya.

Siku ya kukabidhi funguo alikuja peke yake. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimeandaa majibu. Akanipitisha kwenye daftari la wanafunzi: huyu haoni vizuri, mkalishe mbele, yule ukimkaripia hatarudi, yule mwingine anatoka Kabuta kwa baiskeli, akichelewa usimuulize. Nikaandika yote. Alipofika mlangoni akageuka.

"Uliona kile kishikizo tangu mwanzo," akasema.

"Sikuona, ba mwalimu."

Akanitazama kidogo. "Bon, sawa," akasema, akaenda.

Hawakukaa sana Nchelenge baada ya hapo. Nyumba yao ilikuwa ya kituo, na kituo kiliihitaji kwa mwalimu mpya, yaani mimi. Walihamia Puta, kwa ndugu wa mkewe, kule juu kando ya ziwa. Mkewe hakuja kuniaga mimi wala mtoto, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akimwita kila asubuhi na kwenda kumtafuta chini ya paa la kituo. Nikamchapa siku moja kwa ajili ya kelele hizo. Hakumwita tena.

Kazi naifanya vizuri. Kituo sasa kina kompyuta kumi na moja, na nyingi nimeziunda kwa mikono yangu. Wanafunzi wananiogopa. Wakikosea nawasimamisha, lakini sina ile subira yake ya kungoja mpaka waelewe. Nawakatiza, nafanya mwenyewe, naendelea.

Mwaka jana kwaya yetu ilialikwa upande wa Chienge. Gari lilisimama Puta abiria wanunue samaki, na wanawake wakaja madirishani na mabeseni yao. Nilimtambua mkewe kabla hajafika kwangu. Alikuwa amekonda. Nyuma yake, mbele ya nyumba ya matofali, ba mwalimu alikaa kwenye kiti akiangalia barabara, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Ningeweza kushuka. Dereva alikuwa ametuambia tuna nusu saa.

Mwanamke yule alipima chisense kwa kikombe, akamuuzia wa mbele yangu, akamuuzia wa nyuma yangu, akawatania, akawaongezea kidogo juu. Nilinyoosha mfuko wangu dirishani nikamsalimia, nikamwita mama, kama zamani.

"Hapana," akasema. "Weye, hapana."

Akafunika beseni kwa kitambaa akaenda dirisha lingine. Mwenzangu wa kwaya aliniuliza huyu mama ana nini na mimi. Nikamwambia simjui, labda amenifananisha na mtu.