Watoto Mbele

Siku yangu ya kwanza melini sikupewa kazi, nilipewa ndoo. Serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, mzee mfupi wa Ujiji, aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu. "Basi ngama haitaki darasa," akasema, akanionyesha shimo. Ngama ni maji machafu yanayokusanyika chini kabisa ya chombo. Niliyachota miezi saba. Ninyi mnaotaka kiti cha kuzunguka siku ya kwanza kazini, someni hapo.

Kutoka ngama nikapandishwa kwenye kamba, kutoka kamba nikapelekwa bandari ya kusini kupakia saruji, kisha nikarudishwa Kigoma. Hakuna aliyenibeba. Serahangi alipostaafu, filimbi yake nilipewa mimi. Nahodha wa wakati huo alikuwa mtu wa Tanga, mkali, Kiswahili chake kimenyooka. Kwake kichwa cha meli ni omo na mkia wake ni tezi. Ukimwambia "mbele" na "nyuma" anakuuliza kama umepanda baiskeli.

Nchi ya ng'ambo ya ziwa ilipokatika vipande viwili, jeshi hili huku na lile kule, serikali yetu iliichukua meli yetu ya saruji, ikatuagiza tukavushe wakimbizi. Kule hapakuwa na gati. Tulitia nanga mbali kidogo na ufuko, watu wakaletwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwa meli, wapande kwa ngazi ya kamba.

Nahodha akaniambia, "Serahangi, watoto wakae omoni, kuna ukingo mrefu, hawataanguka. Wakubwa tezini."

Nikaona wakulima na wauza dagaa watalijua wapi neno omo. Nikalilainisha. Nikapuliza filimbi, nikapaza sauti: "Watoto mbele. Watoto mbele."

Walinisikia vizuri mno. Kwa Kiswahili cha ng'ambo ile, mbele ni kwanza. Mtu akisema atakula mbele, maana yake atatangulia kula. Kina mama wakafungua watoto migongoni, wakatupitishia mkono kwa mkono, wao wakabaki mitumbwini. Mtumbwi ukishatoa watoto wake unarudi na mama zao ufukweni kufuata watoto wengine. Mimi nilidhani watu wale wana adabu.

Risasi zikaanza kulia mlimani. Nahodha akaamuru nanga ing'olewe. Tulipofika maji makuu ndipo aliposhuka sitahani.

"Mbona omo limejaa na tezi tupu?"

"Ni watoto, nahodha."

"Mama zao wako wapi?"

Nikamwonyesha ufuko.

"Nani kawaambia wapande peke yao?"

"Mimi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. "Nikigeuza sasa nitawazika na hawa," akasema. "Tukawashushe Kigoma, asubuhi tunarudi."

Asubuhi risasi zilikuwa zimenyamaza na kina mama wamesimama majini hadi kiunoni. Tukawapakia wote. Gatini Kigoma kila mmoja aliita jina la wake, akachukua. Akabaki mtoto mmoja, wa miaka kama mitatu, anasema anaitwa Sifa. Nikauliza huku na huku. Mwanamke mmoja akanijibu, "Mama yake hakungoja. Alipoona meli inaenda alishika kafi, akaifuata."

Ziwa halikumrudisha.

Mke wangu alimpokea Sifa. Alipokua akauliza, nilimjibu kwa kifupi: mama yako alikupandisha, yeye akabaki. Kila neno la kweli, na jumla yake uongo. Ningeeleza kafi ningelazimika kueleza filimbi. Basi akakua akijua mama yake alimtoa akageuka zake. Nami nilikuwa mkuu wa sitaha, mtu wa kuamkiwa njiani, nikaacha iwe hivyo.

Nilistaafu, mke wangu akafariki, Sifa akanileta hapa Johannesburg. Ana vyerehani viwili Jeppestown. Ijumaa naswali Mayfair, siku nyingine nakaa mlangoni pake nikikata nyuzi. Wajukuu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kizulu.

Mwezi uliopita aliingia mteja Mkongo na kitenge, akaonyesha rundo la vitambaa vya wateja wengine. "Mama, shona yangu mbele, ya hawa bangoje."

Sifa akacheka. "Mbele tu, dada? Na nyuma utatembea wazi?"

"Eish, mbele ni kusema ya kwanza. Si na weye ni wa kwetu?"

Mkasi ukaniponyoka. Mteja alipotoka nilimwambia Sifa yote, kuanzia filimbi mpaka kafi.

"Alinifuata?" akauliza.

"Alikufuata."

"Na ulijua."

"Nilijua kesho yake."

Akakanyaga cherehani, akashona kile kitenge mpaka mwisho. Siku mbili hakunipa neno zaidi ya shikamoo.

Vijana huniuliza kazi ilinifundisha nini. Ukitoa amri, mwambie mtu airudie kama alivyoisikia. Mimi sikufanya hivyo. Hekima yangu yote ni hiyo, na nimechoka kuibeba.

Siku ya tatu aliweka ugali mezani. Wajukuu walikuwa wameshanyoosha mikono. Sifa akawazuia, akaisogeza sahani upande wangu.

"Baba," akasema, "kula mbele."

Sikumuuliza mbele ya wapi. Nikanawa.